Hotuba ya Serikali ya Jikoni kwa Raia Aliyehamia kwa Bibi

Mheshimiwa Wakili, Binti Mkubwa wa nyumba hii, mwenye umri wa miaka tisa na hoja za mtu wa miaka arobaini, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vyombo na Masufuria, Mlezi Msaidizi wa mdogo wako Kibonge, na pia ndiwe Raia Namba Moja ambaye kwa sasa yuko uhamishoni kwa bibi yake; Mheshimiwa Mama yangu mzazi, mwenyeji wa mkimbizi wetu na msomaji rasmi wa hotuba hii (Mama, ukisoma simama, tumbo mbele, sauti nzito, kama mtu aliyekuja na gari na dereva ameachwa juani); waheshimiwa majirani mliopita kuazima ungo mkazuiliwa mlangoni; kuku wote; mabibi na mabwana:

Itifaki imezingatiwa. Kama kuna aliyesahaulika asinune, ataingizwa kwenye awamu ya pili.

(Makofi. Mama, kama mikono ina unga, gonga sufuria.)

Awali ya yote, Serikali inaomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu Raia Namba Moja apande basi na bibi yake, na Serikali inatambua, kwa masikitiko makubwa na kwa kuzingatia mazingira yaliyopo, kwamba barua haihitaji siku ishirini na tatu, hasa barua ya mtu ambaye kila siku husimama kwa muda wa saa saba mbele ya meza ya pasi bila kazi nyingine kichwani ila kuitunga barua hiyo hiyo. Sababu za kukwama kwa zoezi ni nyingi na zimefanyiwa utafiti: kalamu ya kwanza ilitafunwa na Kibonge, kalamu ya pili ilikuwa na baba yako, anachorea soli za viatu vya watu, na karatasi zilikuwepo tele, ila kila Serikali ilipoandika "Mwanangu mpendwa" mkono uligoma, ikabidi kikao kiahirishwe kwa kukosa akidi.

Ndipo nilipobadili mbinu. Mnajua nafanya kazi kwa dobi, na mnajua makoti ya wakubwa huja na mambo yake mifukoni: vijiti vya meno, kadi za michango ya harusi, mara nusu ya biskuti. Wiki iliyopita nikakuta hotuba nzima, kurasa sita, ya kuzindua bomba la maji katika mtaa ninaoufahamu vizuri sana kwa sababu ndio mtaa wetu, na bomba lenyewe mpaka leo hatujalitia machoni. Niliisoma mara tatu kabla ya kuirudisha mfukoni. Nikasema, kumbe! Kumbe mtu mzima anaweza kusimama mbele za watu, akaongea saa nzima, akashangiliwa, akashuka jukwaani, na lile jambo lenyewe asiliguse hata kwa ncha ya kidole! Nikaona, naam, huu ndio mtindo unaonifaa.

Baba yako alipochungulia hapa akauliza, "Mama Wakili, hiyo ni barua au ni kampeni?"

Nikamwambia ni taarifa ya Serikali kwa umma.

"Umma gani? Si mtoto mmoja tu? Andika umekosa, tia sahihi, peleka kituo cha basi. Maneno mawili hayo."

Serikali ikamjibu Kiongozi wa Upinzani kwamba maneno mawili hayajazi ukurasa, na kwamba arudi kwenye viatu vyake.

(Vicheko upande wa Upinzani.)

Ndugu wananchi, kuhusu sekta ya mawasiliano, takwimu zinajieleza. Katika siku tisa zilizopita Serikali imepiga simu mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne taarifa kutoka kwa bibi yako imekuwa kwamba Raia yuko bafuni. Serikali inapongeza mapinduzi haya ya usafi, ukizingatia kwamba huyu ni Raia ambaye hapa nyumbani alikuwa hapati maji mwilini mpaka akimbizwe mizunguko miwili ya nyumba. Lakini juzi bibi yako aliongeza jambo, kwa sauti ya chini, akidhani kuta hazimsikii: "Mwanangu, mtoto anasema harudi. Shule zikifunguliwa anataka asome huku huku. Nimemuuliza sababu, akaniambia, Bibi, kule kwetu ukisema unaambiwa usijibu."

(Mama, hapa usigonge kitu.)

Kwa manufaa ya wajumbe waliofika sasa hivi na hawaelewi wamekalishwa kwa ajili gani, Serikali itatoa usuli. Mimi niliacha shule kidato cha pili, sababu yake ina miaka tisa na iko bafuni. Mwaka huu nimerudi, darasa la watu wazima, alasiri tatu kwa wiki, nimekaa dawati moja na fundi bomba na mama mmoja muuza vitambaa, na mada tuliyopewa ya insha ilikuwa Falsafa ya Zama za Mwangaza na Mchango Wake katika Jamii ya Kidemokrasia ya Leo. Naomba msitawanyike. Hata mimi niliposikia jina hilo nilitamani kutawanyika.

Mwalimu alitueleza hivi, nami nawaeleza kwa lugha ya jikoni. Huko Ulaya, yapata miaka mia tatu iliyopita, mfalme alikuwa mfalme kwa sababu amesema yeye ni mfalme, kawekwa na Mungu, na mwenye swali alikuwa akikatwa mahali ambapo swali limetokea. Wakainuka watu fulani, wamevaa nywele za bandia nyeupe kama povu la sabuni, wakauliza swali la kitoto kabisa: nani alikuchagua? Wakasema Mungu huyo huyo amempa kila mtu akili, na akili haikuwekwa kichwani ili kushikilia kofia. Wakasema mtawala hupata haki ya kutawala kutokana na ridhaa ya anaowatawala. Wakasema mtu aachwe aseme, hata kama anachosema kinaudhi, na asihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Mmoja wao akaongeza kwamba mamlaka yagawanywe mafungu matatu, anayetunga sheria asiwe ndiye anayekamata, na anayekamata asiwe ndiye anayehukumu, kwa sababu mtu mmoja akiwa na yote matatu, hata awe mwema vipi, ataamka siku moja amechoka.

Basi haya mnayoyaona leo, sanduku la kura, bunge la watu kubishana mchana kutwa, gazeti la kumsema mkubwa, hakimu asiyepokea simu za wakubwa (pale asipopokea), mbegu zake nyingi zimepandwa na watu waliokataa kuambiwa usijibu.

Na Serikali yenu haikuwapokea wataalamu hao kichwa kichwa! Serikali iliwahoji! Kwani wengine wao waliandika kwamba binadamu wote huzaliwa sawa huku mtumwa amesimama nyuma ya kiti anawamiminia chai, na walipohesabu "binadamu wote" walisahau kuwahesabu mama zao. Niliwacheka, jamani. Niliwacheka mpaka Kibonge akaamka. Nikawaandikia aya nzima ya kuwasuta, nikisema ni rahisi sana kupenda uhuru wa watu wa mbali na kumnyima aliye karibu, nikaipigia mstari chini kwa rula. Msiisahau aya hiyo, waheshimiwa, tutakutana nayo mbele.

(Makofi mazito. Kuku wanashtuka.)

Sasa tuje kwenye lile Tukio la Alhamisi, ambalo Serikali ingependa kulieleza kwa kifupi ili tusipoteze muda wa wajumbe. Siku hiyo, majira ya saa tisa alasiri, daftari la insha lilikutwa limelowa. Kurasa zilikutwa zimechanwa kwenye pini na kubanwa dirishani kwa vibanio vya nguo, na Raia Namba Moja alikutwa katika eneo la tukio akiwa na vibanio vingine mkononi na wino vidoleni. Katika hali hiyo, maneno yalisemwa. Sikio likavutwa.

Baba yako, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu bila kibali, akauliza, "Likavutwa na nani? Na upepo?"

Serikali inafafanua kwamba lilivutwa na Serikali.

Serikali ndiyo iliyotunga sheria (daftari la mama lisiguswe), ndiyo iliyomkamata mtuhumiwa, ndiyo iliyomhukumu, na ndiyo iliyotekeleza hukumu kwa mkono wake wa kulia, mafungu yote matatu kwa pamoja, katika muda ambao maziwa yalikuwa bado hayajachemka. Mtuhumiwa alisema, "Mama, sikiliza kwanza." Serikali ikasema, "Funga mdomo, usinijibu." Mtuhumiwa akafunga mdomo. Akatia vibanio mfukoni mwa sketi, akaenda kukaa kitandani. Ijumaa bibi yako akaja kututembelea kwa ajili ya likizo, Jumamosi mkaondoka wote, na mdomo ukaondoka ukiwa bado umefungwa.

Mara moja Serikali ikaunda Tume Huru ya Uchunguzi. Mwenyekiti wa Tume nilikuwa mimi, katibu mimi, shahidi mkuu Kibonge, ambaye alihojiwa akajibu "mmh" na kuomba kikombe chake. Tume ikampa kikombe. Ni kile cha plastiki cha kijani chenye ufa mdogo chini, kinachovuja pole pole, unakijua. Tume ikakiweka juu ya meza, ikakiinua, ikaona duara la maziwa. Tume ikaenda kuchukua jalada la daftari. Duara lile lile, na kipande cha ufa kile kile, kama mhuri wa ofisi.

Waheshimiwa, Tume ikakumbuka. Alhamisi ile nilitoka kazini na miguu imevimba, nikakaa mezani na Kibonge mapajani ili niandike hitimisho kuhusu matumizi ya akili, na katikati ya hitimisho nikasinzia. Kikombe nilikiweka mwenyewe juu ya daftari. Nilipoamka nikatoka mbio kuanua nguo bila hata kutazama meza. Wewe ukaingia, ukakuta mafuriko, na badala ya kuita mtu ukafungua pini, ukatenganisha kurasa moja moja zisigandane, ukazibana dirishani zipigwe na upepo. Hata mimi niliyefundishwa kazi ya nguo nisingefanya vizuri hivyo.

Ripoti ya Tume ilikamilika siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka. Serikali iliipokea kwa heshima zote, ikaishukuru Tume kwa uzalendo, na ikaiweka chini ya kopo la sukari, mahali zinapohifadhiwa ripoti nzuri. Imekaa hapo wiki tatu.

(Minong'ono. Jirani mmoja anasema "Haa!" Mama, kama hakuna aliyesema, sema wewe.)

Na msidhani Serikali ilikaa bure wiki hizo tatu! Insha niliiandika upya kwa kichwa, nikaikabidhi, na naomba kuutangazia umma kwamba nimepata sabini na nane kwa mia, alama ya pili darasani baada ya fundi bomba. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umeonyesha kuelewa kwa kina kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa." Niliitazama sentensi hiyo mpaka wino ukacheza. Ile aya ya kuwasuta wenye nywele za bandia, ndiyo aliyoisifu kuliko zote.

Zaidi ya hapo, Serikali imezindua Mpango Kabambe wa Katiba ya Nyumba, mradi wa pailoti unaowahusisha wadau wote, wenye roudimapu, kapasiti bildingi na mfumo wa fidibaki wa kisasa. Chini ya mpango huu kumefungwa Sanduku la Maoni karibu na mlango wa jikoni, ambalo hadi sasa limepokea maoni mia tatu na kumi. Kumeanzishwa Mahakama Huru ya Kitanda cha Chini, ambayo hata mama wa nyumba hii hupelekwa mbele yake. Zamu ya kuosha vyombo imegatuliwa, baba yako Jumanne na Ijumaa, bila kisingizio cha gundi mikononi. Kwa mujibu wa tathmini, asilimia tisini na nne ya wakazi wameridhishwa, na asilimia sita iliyobaki ni Kibonge, ambaye wakati wa tathmini alikuwa amelala.

"Jumanne na Ijumaa ipi?" anauliza baba yako.

(Upinzani unatakiwa ukae chini.)

Waheshimiwa, hotuba hii ilipangwa kuendelea kurasa nyingine tatu, ambazo zingeeleza visheni ya Serikali mpaka wewe utakapopata watoto wako. Lakini jana nilikuwa nageuza magodoro, nikakuta chini ya lako karatasi tatu. Ni zile kurasa zangu zilizofutika zaidi, umezinakili kwa penseli, kwa mwandiko wa kubana, kila mstari, hata maneno magumu umeyachora kama yalivyo. Tarehe umeandika ya Ijumaa ile. Yaani sikio lilikuwa bado linawaka, na wewe umekaa unaninakilia insha.

Na chini kabisa umeandika: "Mama hapa sijaelewa. Kama watu wote wamezaliwa sawa mbona mimi ndo naosha vyombo kila siku?"

(Mama, pumzika hapa kidogo. Kunywa maji.)

Nimekuwa nikikuita Wakili kwa kukutania, kwa vile una neno kwa kila kitu. Siku uliyoniuliza hapo jikoni, "Nani alikuchagua wewe uwe unaamua?" nilikutishia mwiko, halafu nikaenda darasani kuandika kwamba swali hilo hilo ndilo lililoiamsha dunia.

Basi kabla ya kuhitimisha, naomba wote tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema, itikieni. Akili! Itumike! Sauti! Isikilizwe! Vyombo! Kwa zamu! Sikio! Ni la kusikia, si la kuvutwa!

(Mama, huyo aliye nyuma ya mlango wa bafuni naye aitikie. Najua yuko hapo.)

Mwisho kwa umuhimu wake, Serikali inatoa shukrani za dhati kwa Mama kwa sauti yake, kwa majirani kwa subira yao, kwa kuku, na kwa wote waliouamini Mpango Kabambe wa Katiba ya Nyumba, ambao, sawa na lile bomba la mtaani kwetu, haupo. Hakuna mahakama. Hakuna zamu, vyombo vya jana viko hapa vinanitazama. Mahakama ya mtu mmoja si mahakama, na ridhaa ya mtawaliwa siwezi kuipata kama mtawaliwa yuko kwa bibi yake. Sanduku la Maoni ni kopo la maziwa ya Kibonge, nimelitoboa kwa kisu leo asubuhi, na ndani yake mna karatasi moja tu, ya kwako, ile yenye swali la vyombo.

Nimekosa, mwanangu. Hujaharibu kitu. Uliokoa daftari langu, nami nikakuvuta sikio na kukufunga mdomo, na nilipojua ukweli nikauficha chini ya sukari kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nisamehe.

Kurudi, utarudi. Mimi ni mama yako, shule yako ni hapa, na hilo halipigiwi kura. Lakini kama utarudi unaongea au utarudi umenyamaza, hilo ni lako peke yako, siwezi kukuamuru, na ndilo ninaloomba.

Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Kondakta anayeleta barua hii ndiye atakayerudi Jumamosi kwa basi la saa tatu asubuhi, na anamfahamu Mama. Vitu ambavyo bado nahitaji nitumiwe kwa basi hilo ni hivi: vibanio vya nguo kumi na viwili ulivyoondoka navyo mfukoni mwa sketi, maana nepi za Kibonge zinaokotwa kwa majirani kila upepo ukivuma, kichongeo cha penseli, kama ulikichukua wewe, na kama hukukichukua, sema tu, nitaamini, kikapu changu nilichomwazima Mama, kikiwa na chochote atakachotia ndani, maelezo yako kuhusu Alhamisi, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mdomo, mimi nikiwa nimekaa na nimenyamaza, na wewe mwenyewe, kiti cha dirishani, umevaa sweta.